Siku ya Kumwoza Mishi Nilikuwa Mchangani

Al Rayyan, Doha
Chumba cha dereva, nyuma ya nyumba ya tajiri

Kwako mdogo wangu Ramadhani,

Mimi Suleimani bin Hamadi nina miaka sitini na minane, na meno yangu ishirini na sita, ambayo wengi wa rika langu hawana. Baba na mama wamekwenda, mimi nipo. Ndugu zetu wawili waliokuwa wakiniangusha mieleka wamekwenda, mimi nipo. Mke wangu, mama yake mwanangu Mishi, amekwenda, Mungu amrehemu, mimi nipo. Tajiri mkubwa aliyenileta huku amekwenda, na sasa namwendesha mwanawe. Magari saba ya nyumba hii yameuzwa vyuma, mimi nipo. Ile korona ilinilaza siku kumi na moja, Wahindi wawili wa chumba cha pili wakapelekwa hawakurudi, mimi nikaamka nikaomba chai. Nilipofika mji huu, pale Al Sadd ungeegesha gari ukaenda kuswali ukarudi ukalikuta peke yake. Leo kuna maghorofa mpaka shingo inauma, na mimi bado nipo.

Nakutajia haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa kuyumbishwa na jambo dogo. Na sasa nimeyumba, Rama.

Natumai barua hii itakukuta unakanyaga chini vizuri na ule mguu wako, na mkeo presha imeshuka, na ile mikorosho ya mpakani haijakatwa na jirani. Mimi mwili wangu ni mzima. Macho yanaona mpaka kibao cha mbali. Kilichoharibika hakipimwi hospitali.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Unajua kusoma kwangu ni kwa ngumbaru, miaka miwili ya jioni pale shuleni, kwa hivyo mstari ukipanda mlima usinicheke. Nilitaka kusema kwa simu lakini simu haifai tena. Leo ni siku ya kumi na mbili Mishi hapokei. Wewe wapokea, lakini kila nikianza wanikata, wasema, "Kaka, tuyaache, yamepita." Hayajapita. Kwenu yamepita. Kwangu yanaanza upya kila alfajiri nikifungua macho. Karatasi haikatwi katikati. Nataka uketi na Mishi, na shangazi yetu awepo, umsomee yote bila kuruka, hata palipo na aibu yangu.

Nianze na lile mnalosema huko. Mnasema siku ya ndoa nilizima simu kwa sababu simtaki Athumani. Kweli nilimkataa. Nilisema mbele ya watu wote kwamba binti wa dereva wa magurudumu manne haolewi na mtu wa bodaboda, na maneno hayo niliyasema mimi, siyakani. Lakini mwezi wa maulidi nilikubali. Nilikwambia wewe, nikamwambia Mishi mwenyewe, nikasema sawa, akija kwa adabu nitamwoza. Mwanamume akisema sawa ni sawa.

Wewe ukanipigia mara tatu. Ukasema, kaka, mpe kadhi uwakili, au nipe mimi, umtamke mtu mapema, mambo yasije yakakwama siku yenyewe. Nikakujibu kwamba mdomo ninao. Sikia ni kwa nini, maana siku ile sikukueleza, nilikufokea tu. Mama yake Mishi nilimzika kwa simu. Uliniwekea simu pale kaburini nikasikia majembe. Mishi nilimfundisha kuhesabu mpaka mia kwa simu, yeye akila uji kwako, mimi nimekaa garini nje ya shule ya watoto wa tajiri. Ubaba wangu wote umekuwa sauti. Nikasema hili la mwisho la baba kwa binti sitampa mtu mwingine alitamke, litoke kinywani mwangu na watu walisikie.

Na hapo ndipo palipoingia mdudu. Nilitaka watu wasikie huko kwenu, nikataka na wa huku wasikie pia.

Unamkumbuka Katana, yule Mgiriama wa Kaloleni niliyekuwa nikikusimulia, ambaye tulikaa naye chumba kimoja Al Wakrah kabla sijahamia huku. Sasa ni mchungaji wa kondoo katika mazraa, ndivyo wanavyoliita shamba la jangwani, mwendo wa saa moja na nusu nje ya mji. Yuko na Wasswa, Mganda wa Iganga, Mwislamu, ambaye kazi yake ni maji na miti na trekta. Kila baridi ikiingia hunialika nikapumzike, na kila mara nasema kazi nyingi. Safari hii tajiri alisafiri na wakeze na watoto, akaniachia gari, akasema, "Suleimani, nenda ukapumue, Jumamosi urudi, mama asikose wa kumpeleka hospitali." Mama yake amebaki, na hakubali dereva mwingine ila mimi. Mtu mwingine akimwendesha hutapika.

Nikampigia Katana nikamwambia nakuja Alhamisi, na Ijumaa saa kumi nitamwoza mwanangu nikiwa hapo kwenu, mniandalie.

Rama, miaka thelathini na moja niko nchi hii na sijapumzika kama siku ile. Kuna ua wa makuti ya mtende, na mikunazi mikubwa kama ile ya kwetu nyuma ya msikiti, nikavua viatu nikalala juu ya jamvi, pampu ya maji inapiga pole pole, upepo wa baridi, hakuna honi, hakuna mtu anayeniita yaa Suleimani. Katana alinipikia chai ya tangawizi. Nililala mchana kama mtoto, mdomo wazi, wakanicheka.

Jioni wakanionyesha kondoo. Ni wa Australia, wameletwa kwa meli, wana manyoya kama godoro na hawana mkia wa mafuta kama wa kwetu, kamkia tu kama kidole. Waarabu hawawapendi sana kwa ajili ya huo mkia, lakini ni watulivu. Wanakutazama kama watu waliofika mahali wakasahau wamefuata nini. Wasswa akasema, "Mzee, hawa wametoka mbali kukushinda." Nikamwambia mimi nilikuja kwa ndege, kiti cha dirishani, hawa walikuja chini ya meli. Katana akasema mbona basi wao wana godoro na wewe unalala kwenye jamvi. Tukacheka mpaka nikakohoa. Nikawaambia mimi nilipokuwa kijana nilikuwa namgeuza kondoo kwa mkono mmoja. Wakaniletea mmoja. Nilimgeuza, ila na yeye alinigeuza, na mashahidi watakwambia tulianguka pamoja. Mgongo bado wanikumbusha.

Jioni hiyohiyo nilikupigia. Unakumbuka, tuliongea habari ya viti na sufuria za pilau, na sauti ilikuwa safi. Sikukwambia nilikuwa wapi nimesimama. Nilikuwa juu ya ngazi ya tangi la maji. Katana alinieleza mapema kwamba kule chini simu haishiki, hushika pale juu tu, na si kila siku, siku nyingine mnara unakatika kabisa. Akasema, "Mzee, kama jambo ni kubwa, kesho baada ya Ijumaa nenda mpaka barabara ya lami, ukae hapo garini, uozeshe, kisha urudi tule." Ndivyo alivyosema. Nilimjibu kwamba simu yangu si kama zenu, hii nilipewa na mtoto wa tajiri. Na barabarani nani angenisikia? Malori tu.

Ijumaa tukaswali na wafanyakazi wa mazraa jirani. Wakachinja kondoo mmoja, tajiri wao aliwapa kwa ajili yangu. Wasswa akapika wali, Katana akafagia chini ya mkunazi akaweka mto mmoja wa kuegemea, wangu. Nilivaa kanzu ile uliyonitumia na kofia ya mkono. Saa tisa na nusu nikapanda ngazi ya tangi. Upepo ulikuwa umegeuka, vumbi limetanda, jua kama sahani ya bati. Simu haikushika. Nikasubiri. Katana akajaribu yake, Wasswa akajaribu yake, hakuna. Nikapanda mpaka juu kabisa nikaishika simu juu ya kichwa kama mtu anayeshikilia taa. Hakuna. Kufika saa kumi kasoro robo Katana akaacha kunitazama, akatazama chini.

Nikashuka. Nikasema twende lami. Njia ya magari inazunguka, ni ndefu, lakini ukikata moja kwa moja mchangani ni karibu, unaziona nguzo za umeme za barabarani. Katana akasema tuzunguke. Nikamwambia mimi ndiye dereva.

Sasa hapa msomee Mishi pole pole. Huku mtu akiacha barabara kuingia mchangani, kwanza husimama, hushuka, hupunguza upepo wa matairi yote manne, yalale kidogo, yakanyage mchanga kwa upana kama mguu wa ngamia. Kisha ndipo huenda. Hilo analijua hata dereva wa wiki moja. Madereva wa Kikenya wa Al Rayyan hilo nimewafundisha mimi, kila mmoja. Nina hata kipimo cha upepo kwenye dashibodi, cha shaba, alinipa tajiri mkubwa. Siku ile sikusimama. Niliingia na matairi yamejaa pomoni, mwendo wa kasi, kanzu nimeikunja magotini. Tulikwenda labda nusu ya safari. Kisha gari likalala tumbo.

Wasswa akashuka akazunguka akasema, "Mzee, ile gari imekwisha kwenda chini."

Nikazidisha moto. Likazidi kushuka. Tukachimba kwa mikono, Katana na sinia ya wali, Wasswa na viganja. Nikaweka jamvi chini ya tairi, tairi likalitafuna likalitupa nyuma. Tukapunguza upepo wakati huo, ndiyo, wakati umeshapita, mchanga umeshafika milangoni. Kila baada ya muda nafuta vumbi kwenye simu natazama. Saa kumi na dakika tano. Saa kumi na robo. Niliwaona huko, Rama. Niliwaona mmekaa mikekani, kadhi na daftari lake, wewe na simu mbele yako juu ya mto, na Athumani na wazee wake wamekaa upande wa mlango, na Mishi ndani na wanawake, masikio yote yanasubiri sauti yangu. Na mimi niliyeendesha miaka thelathini na moja bila kugonga hata paka, nimekaa juu ya bati la gari la watu siwezi kwenda mbele wala nyuma.

Saa kumi na nusu nikawaambia waache kuchimba. Nikamwuliza Katana kwetu ni upande gani, akaninyooshea. Nikasimama upande huo. Nikakung'uta kanzu. Nikasema kwa sauti, maana upepo ulikuwa mkali, nikamtaja Mishi kwa jina lake kamili, "Athumani bin Juma, nimekuoza binti yangu Mwanamisi kwa mahari mliyokubaliana." Nikasema mara ya pili. Mara ya tatu nikamalizia chini chini.

Hakuna aliyejibu nimekubali. Katana, ambaye si Mwislamu, alivua kofia. Wasswa akasema amin. Kisha akaondoka kwa miguu kwenda kuchukua trekta, na mimi na Katana tukakaa kivulini mwa gari.

Najua maneno yale hayakufunga ndoa ya mtu. Najua hata sheria, usije ukadhani sijui. Lakini yalisemwa, na yalisemwa kabla sijajua kwamba huko mmekwisha kata shauri.

Huku jua la baridi huzama mapema, nyinyi bado mna mchana. Trekta lilifika jua likigusa chini. Tulipotoka lami ilikuwa magharibi, na simu ikafufuka mfukoni ikaanza kutetemeka bila kunyamaza. Sauti zako tano. Ya kwanza waniita kaka kwa mapenzi. Ya tatu waniita kaka kwa hasira. Ya mwisho, "Kaka, watu wamechoka. Kadhi amesema baba yuko nchi ya mbali na hapatikani, wilaya, yaani haki ya kuoza, inarudi kwake. Ameshaoza. Tumekula. Usiku mwema." Basi. Mwanangu ameozwa na kadhi kama msichana asiye na mtu, na mimi nipo, na meno yangu yote.

Na ya Mishi, iliyoandikwa: "Baba, ungesema tu kama hutaki."

Nilipiga pale pale. Nimepiga na leo. Inaita mpaka inachoka.

Kuna neno moja la Katana, nalo nitaliandika kwa sababu nimeapa kuandika yote. Njia ya kurudi aliniambia, kwa adabu, "Mzee, wewe si mtu wa kusahau upepo wa matairi." Nikamfokea. Nikamwambia anyamaze, yeye mtu wa kondoo. Lakini neno limeingia halitoki. Mimi si mtu wa kusahau upepo wa matairi. Sijawahi kusahau. Nimejiuliza, nikiwa namsubiri yule mama nje ya hospitali, kama kuna kitu ndani yangu kilichotaka gari lizame. Nimejiuliza kwa nini nilikataa lami. Naweza kuapa kwamba nilichimba mpaka kucha zikatoka damu. Naweza kuapa kwamba maneno niliyasema kwa moyo. Lakini kwa dakika zile mbili ambazo ningesimama nipunguze upepo na sikusimama, siwezi kukuapia, Rama. Sijui. Nimeishi miaka yote hii nikijua kila kitu na hili silijui.

Ningekuja mwenyewe nikae mbele yake. Nimeomba ruhusa. Tajiri amesema mpaka mama yake amalize matibabu, na mama yake hataki dereva mwingine. Nilikuwa nikijisifu kwenu kwamba yule mama ananitaka mimi tu. Sasa ndio ufunguo wa jela. Nimesema niondoke kwa nguvu, akanikumbusha kwa upole kwamba kwa umri wangu kibali nikikiacha sipati kingine. Kwa hivyo nimekaa. Namkokota mama wa mtu kwa daktari, nasubiri, narudi.

Siombi ndoa irudiwe. Ndoa ni ndoa, kadhi amefanya haki, na wewe sina neno nawe, ulinionya mara tatu. Ninachoomba ni Mishi ajue kwamba baba yake alilitamka jina la mumewe kwa sauti, siku ile ile, kabla jua halijazama kwao. Akishajua, akitaka anipokelee simu. Asipotaka, asiwe na kosa. Mwambie Athumani kwamba bodaboda ni kazi. Mwambie pia, kutoka kwa mtu mwenye uzoefu, asibebe watu wawili nyuma.

Nisalimie mkeo, aliyemlea mwanangu kama wake na ambaye sijamshukuru kwa mdomo hata siku moja. Nisalimie shangazi yetu, mkubwa wetu aliyebaki, mwambie aniwekee dua. Nisalimie kungwi aliyemfunda Mishi, na yule imamu mwenye kikohozi, na jirani wa mikorosho hata kama mmegombana. Wazee wa Athumani wape salamu za mkwe wao, na uwaombe radhi kwa niaba yangu. Hapo ndipo nakupa uwakili, Rama, ambao nilikunyima. Niombee radhi kwa mdomo wako.

Ni mimi kaka yako, Suleimani.

Na kama barua haitoshi, mashahidi ni hawa. Wa kwanza Wasswa wa Iganga, aliyesikia maneno yote mara tatu na akasema amin. Nimeandika namba yake nyuma ya karatasi, Kiswahili chake mtakizoea. Wa pili ni Katana mwenyewe, aliyekukabidhi barua hii mkononi, anakwenda likizo Kaloleni na amekubali kupitia kwenu. Mpeni chai, akae. Muulizeni alisikia nini nikiwa nimesimama kule mchangani, atawaambia. Na Mishi akitaka kumwuliza habari ya upepo wa matairi, amwulize. Atasema anavyoona yeye. Sikumkataza.